Redio ya Waya ya Makorora

Watu wakisikia kwamba mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na biashara ya redio Tanga, miaka ile ya hamsini, hudhani tulikuwa na duka. Hatukuuza redio hata moja. Tulikuwa nayo moja tu, ya mbao, kubwa kama kasha la nguo, na sehemu kubwa ya mtaa wetu wa Makorora ilikuwa ikiisikiliza hiyo hiyo, kila mtu akiwa kwake. Nikiwasimulia wajukuu wananitazama kwa huruma, kana kwamba nimeanza kuchanganyikiwa. Basi nimeamua kuandika, maana karatasi haimkatizi mtu maneno.

Mume wangu alikuwa fundi wa nyaya za simu kwenye reli. Kazi yake ilikuwa kupanda nguzo, kuunga waya uliokatika na kushuka, na aliipenda kwa namna iliyoniudhi. Tukitembea barabarani mimi natazama watu, yeye anatazama juu. Niliwahi kumwambia kwamba nikifa anizike chini ya nguzo ya simu, ndipo atanizuru. Alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu huko mbele hacheki.

Redio aliinunua Raskazone, kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao na kupanga vyombo vyake uani viuzwe. Alipoileta nyumbani, baraza yetu ikageuka soko. Wanaume wa mtaa mzima walikuja kusikiliza habari na taarabu, wakakaa, wakanywa kahawa, wakabishana na msomaji wa habari kama vile anawasikia. Sisi wanawake tulikuwa uani, tunapata robo ya maneno kupitia ukutani. Likija jambo zuri, wanaume wanapiga kelele, nalo linatupita. Jioni moja nilichoka. Nilimwita mume wangu, nikamwambia, "Wewe si fundi wa waya? Basi nivutie sauti hapa jikoni, la sivyo hao wageni wako kesho wajichemshie kahawa wenyewe."

Alikwenda kutafuta kasha tupu la majani ya chai. Alilikata, akatia ndani yake spika aliyoitoa kwenye redio mbovu, akapitisha waya juu ya paa kutoka ukumbini hadi uani. Siku ya pili nilikaanga samaki nikisikiliza qasida bila kuinuka. Jirani yangu wa upande wa pili, mke wa seremala, alichungulia juu ya ua wa makuti na kuuliza ni nani anayeimba kwetu. Nilimwonyesha kisanduku. Akasema, "Mwenzangu, huo waya ukivuka huku kwangu utakufa?"

Haukufa. Ulivuka kwake, ukavuka kwa mwenzake, na haukupita mwaka mume wangu akaaga kazi ya reli. Aliunda mashine ya kukuza sauti, akaiwasha kwa betri za lori, akawa anatengeneza visanduku ukumbini huku mimi nikizunguka nyumba hadi nyumba kuzungumza na wenye nyumba wa kweli, yaani wake zao. Kila nyumba ilichangia kitu kidogo mwisho wa mwezi. Wale ambao hawakuwa nacho walileta muhogo, au hawakuleta kitu, na waya wao haukukatwa. Mume wangu hakuwa na moyo wa kukata waya.

Nguzo hatukuwa na uwezo wa kuzinunua. Tulitumia minazi. Na hapo mgeni asiyeijua pwani yetu angepata tabu, kwa sababu kwetu ardhi ina mwenyewe, na mnazi uliosimama juu yake unaweza kuwa na mwenyewe mwingine kabisa. Babu yako aliomba ruhusa, akapanda kwenye shamba la mtu. Shamba likauzwa na kuuzwa tena, minazi ikabaki ya kwenu. Au mtu ana shida, anauza minazi yake, ardhi anabaki nayo na maisha yanaendelea. Mtoto wa pwani hujua haya kabla ya kujua kuhesabu.

Siku moja mume wangu alikuwa juu ya mnazi, ameruhusiwa na mwenye nyumba, akatokea bibi mmoja kutoka Ngamiani, amekuja kwa miguu, bakora mkononi.

"Shikamoo, bibi," mume wangu akasema kutoka juu.

"Marahaba. Shuka!"

"Mwenye nyumba kanipa ruhusa, bibi yangu."

"Nyumba yake. Mnazi wangu. Kama kakupa ruhusa ya nyumba, kapande nyumba."

Alishuka, akaomba radhi. Bibi alikubali waya upite, kwa sharti kwamba kila Alhamisi aje kwetu asikilize na atiliwe chai ya tangawizi. Alikuja kila Alhamisi, na alikuwa mchoyo wa kusifu; akipendezwa sana husema tu, "Si haba." Baada ya hapo mume wangu hakugusa mnazi bila kuuliza mara mbili, mara moja kwa ardhi na mara moja kwa mti.

Halafu mimi nikaanza kutangaza. Lilikuja lenyewe. Mtoto wa mtaa alipotea, mama yake akaingia kwetu analia, nikamwambia mume wangu anipe kile kipaza sauti alichokuwa akichezea, nikasema mbele yake mtoto amevaa nini na amepotelea wapi. Kabla maji hayajachemka mtoto aliletwa, amebebwa begani. Tangu siku ile, kila kabla ya magharibi, nilisoma habari zetu wenyewe: nani anaoza binti, nani kafiwa na anazikwa saa ngapi, mbuzi gani kaonekana wapi. Nilikuwa mwanamke ambaye watu hawajamwona na wote wanamjua sauti. Nikienda sokoni nikasema "nipimie mchele", wauzaji hugeuka. Sitaficha, nililewa sifa, na nililewa vizuri.

Tulipokuwa tumefika hapo ndipo mambo yalipoanza kutulemea. Ngamiani walitaka waya, Chumbageni walitaka. Mashine yetu ilikuwa ndogo. Ukiongeza nyumba upande mmoja, sauti inafifia upande mwingine, na watu wanakuja kugomba mlangoni. Betri zilikufa. Taa za ndani ya mashine ziliungua na kusubiriwa kutoka mbali. Mume wangu alikonda. Alikuwa akila huku amekunja shingo, anasikiliza kama sauti imetetereka.

Mnunuzi alikuja tukiwa katikati ya hali hiyo. Alitoka Nairobi, mtu wa makamo, suruali imenyooshwa, Kiswahili chake kizuri lakini kimefuliwa mno. Alisikia habari zetu kwa wasafiri. Alikaa barazani kwetu, akasikiliza kisanduku kwa muda mrefu, kisha akazunguka mtaa mzima akitazama minazi. Aliporudi alisema anataka kununua yote: redio, mashine, waya, visanduku. Yeye ataleta mashine kubwa, atafika hadi bandarini. Fedha aliyoitaja ilinifanya nikae.

Lakini nilikaa na hofu. Mgeni alipoondoka nilimuuliza mume wangu, "Na wewe utafanya nini?"

"Nitavuta mwingine."

"Wapi?"

"Mke wangu, dunia nzima ina masikio."

Alikuwa na furaha kama kijana aliyekubaliwa posa. Alinieleza mpango wake usiku na mchana: fedha ile itanunua mashine mpya, tutahamia Kigombe, kijiji cha pwani ile ile, kwa ndugu zangu, tutaanza upya na makosa yote ya kwanza tutakuwa tumeshayajua. Nilimwambia mtu wa Nairobi hataki mshindani. Akasema nina roho ya kushuku. Ninayo, na ninajivunia.

Mauziano yalifanyika barazani mbele ya majirani wawili, waliokuwa mashahidi. Mnunuzi alisoma maneno yake taratibu, hakuficha neno. Alisoma kwamba muuzaji ameuza vyote na hatafanya tena kazi hii Tanga wala popote pwani ile. Mume wangu alisikia kila neno, na akaitikia, "Naam." Mashahidi wakaitikia. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia pia. Baadaye nilimuuliza kama amesikia lile sharti. Alishangaa kwamba nina wasiwasi.

"Hayo ndiyo maneno ya kuuzia," akasema. "Kwani wewe hujawahi kusikia watu wakiuziana minazi?"

Ni kweli nilikuwa nimesikia. Kwetu muuza minazi huambiwa maneno makali mbele ya watu: usiisogelee, usiangue, usikate hata kuti. Naye huitikia. Kesho yake anapanda miche mingine hatua chache pembeni, kwenye ardhi yake ile ile, na aliyenunua huja kumsaidia kuchimba mashimo. Hakuna anayeona ajabu, kwa sababu aliuza miti iliyokuwapo, hakuuza ardhi wala mikono yake. Hivyo ndivyo mume wangu alivyoelewa. Aliuza waya uliokuwa umevutwa. Kuvuta waya, kwake, ilikuwa ardhi. Na majirani wale wawili, watu wazima, wenye akili zao, walielewa vivyo hivyo, niliwauliza.

Kigombe tulipokelewa kama maharusi. Mjomba wangu alitupa chumba cha mbele. Mume wangu aliuliza wenye ardhi, akauliza wenye miti, akapanda. Alitengeneza visanduku vizuri kuliko vya kwanza, akavipaka mafuta ya mbao viking'are. Ile siku ya kuwasha, wanawake waliotoka kukausha dagaa walisimama milangoni mwao na mikono imejaa magamba, hawajui waingie au wabaki nje. Mimi nilisoma matangazo. Mume wangu aliniangalia nikisoma, na machoni mwake nikaona yule mtu wa zamani aliyecheka mpaka akakaa chini. Ulikuwa wakati mzuri, na ulikuwa mfupi.

Mnunuzi alikuja mwenyewe, kwa gari, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuja kwa matusi, na laiti angekuja kwa matusi. Alikaa mkekani, akanywa maji, akasema, "Kaka yangu, uliniuzia."

"Nilikuuzia," mume wangu akasema. "Nimeugusa waya wako?"

"Hukuugusa. Lakini ulikubali kwamba hutafanya kazi hii tena."

"Nilikuuzia minazi, bwana. Shamba sikukuuzia."

Yule bwana alitugeukia sisi wengine, ameduwaa kwa dhati. "Minazi gani?"

Mjomba wangu alijaribu kumweleza. Alieleza vizuri, kwa mifano, akaonyesha kwa kidole mti ule wa fulani na ardhi ile ya fulani. Mnunuzi alisikiliza kwa adabu. Alikuwa hajamiliki mnazi maishani mwake. Mwishoni alisema anaheshimu desturi za wenyeji, lakini yeye alinunua biashara, na biashara ni kichwa cha huyu kaka na jina lake, waya ni waya tu. Alisema ameweka fedha yake yote na ya kukopa. Alisema hana budi kwenda mahakamani, na aliposema hivyo alitazama mkeka, nikajua hatanii na pia hafurahii.

Wazee wa Kigombe walikaa, wakasema mume wangu ana haki. Wakili wa mjini aliposikia alisema hana, na kwamba tukishindana tutapoteza nyumba ya Makorora. Nilimshawishi mume wangu tushindane. Nilisema maneno mengi, mengine mabaya, juu ya Nairobi na watu wake. Yeye alisema tu, "Yule mtu naye hasemi uongo. Na mimi sisemi uongo. Sasa hakimu atafanya nini?"

Alikwenda kuvua waya kwa mkono wake mwenyewe. Mjomba alitaka kutuma vijana, akakataa. Alipanda kila mnazi, akafungua, akakunja waya begani, akaingia kila nyumba kuomba radhi na kuchukua kisanduku. Nilifuatana naye. Mwanamke mmoja alikikumbatia cha kwake, akamuuliza, "Tumekukosea nini, shemeji?" Mume wangu aliuweka sawa waya uliokuwa ukimponyoka begani. Utaanzaje kumweleza mtu kwamba hujakosewa na hujakosa, na bado unabeba? Nilimjibu mimi, kwa ukali ambao hakuustahili, kwamba mambo ya mjini hayaelezeki.

Tulirudi Makorora. Mume wangu alipata kazi kwenye ghala la katani bandarini, kuhesabu marobota yanapoingia na kutoka. Ilikuwa kazi ya heshima na aliifanya kwa uaminifu. Lakini tukitembea alikuwa sasa anatazama chini. Mimi, ambaye nilikuwa nimemgombeza miaka kwa kutazama juu, nilikuwa nampitisha makusudi njia yenye nguzo nyingi, na hakuinua uso.

Mnunuzi alifanikiwa, na alistahili. Waya wake ulifika bandarini, ukafika Chumbageni. Matangazo yangu yaliondolewa; mahali pake wakaweka matangazo ya sabuni. Alikuja mwenyewe siku moja, akasema nyumba yetu itapata kisanduku bila malipo maisha yote, kwa heshima ya mwanzilishi. Nilitaka kukirusha barabarani pamoja na heshima yake. Mume wangu alisema kumrudishia mtu zawadi ni ujeuri, akakitundika ukutani. Kilikuwa kimojawapo cha vile vya kwanza, cha kasha la majani ya chai, kimepakwa rangi ya kijani juu.

Kilifanya kazi miaka mingi. Kisha siku moja mchana, baada ya sala ya Ijumaa, kikaanza kukoroma. Sauti inakuja, inakatika, inakuja. Mume wangu alikuwa ameketi chini yake. Aliinua kichwa, akasikiliza, na nikaona vidole vyake vinajikunja na kujikunjua juu ya magoti. Alijua. Nilimtazama nikajua kwamba anajua, hadi msumari wenyewe wa kushikia waya uliolegea.

"Kifungue," nikasema.

"Si ruhusa."

"Nani atakuona? Funga mlango ukifungue."

"Mke wangu," akasema, "niliitikia naam mbele ya watu."

Nilichukua buibui, nikatoka. Nilikwenda ofisini kwa yule mnunuzi kumwita fundi. Nililia njia nzima, jua la saa nane likinipiga usoni, na waliokutana nami wakadhani nimefiwa. Sikuwasahihisha.

Fundi alikuja siku ya pili, mtu mzima kutoka Mombasa, mwenye upole, mgeni mjini. Alitusalimia vizuri, akavua viatu. Aliketi na mume wangu chini ya kisanduku, na kwa kuwa aliona mzee aliyenyamaza, akaona amsaidie aelewe. Alimweleza taratibu kwamba sauti inatoka kwenye mashine kubwa mjini, inapita ndani ya waya, inaingia hapa nyuma, inatikisa hiki kikaratasi. Alimwambia asiogope, hakuna jini. Alimwonyesha msumari uliolegea, akaukaza. Akamwomba, kwa heshima, asiwe anagusa ndani mwenyewe, kwa sababu vitu hivi vina ufundi wake.

Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Nilifungua mdomo. Mume wangu akanitazama, mara moja tu, nikaufunga. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho, akitikisa kichwa pale pa kutikisa, kama mwanafunzi mwema. Akasema, "Ahsante, fundi. Sasa nimefahamu." Akamkaribisha chai, akamuuliza habari za Mombasa, akamsindikiza hadi barabarani.

Aliporudi nilimvamia. Nikamwambia amejidhalilisha, na mimi amenidhalilisha. Kwa nini hakumwambia? Neno moja tu lingetosha, mtu yule angemwinukia akampa mkono.

Alikuwa anakunja mkeka aliokalia mgeni. Aliukunja mpaka mwisho, akauegemeza ukutani.

"Ningemwambia mimi ni nani?" akauliza.

Hakuwa ananijibu kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, akisubiri nimsaidie, na mimi niliyewatangazia watu wa Makorora misiba yao na harusi zao nikachukua kikombe cha fundi, nikaenda kukiosha.